Baldur's Gate: Enhanced Edition inajifunga skrini ikiwa nyeusi, na yule mchawi wa Friendly Arm Inn anapigwaje?

Zabibu_Nyeusi (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Nina maswali mawili kuhusu gemu ya Baldur's Gate: Enhanced Edition, lile toleo lililofanyiwa ukarabati na Beamdog mwaka 2012, siyo zile CD za BioWare za 1998.

La kwanza. Laptopu ni ya mtumba, Core i5 kizazi cha tatu, RAM 4GB, Windows 10 imewekwa upya na fundi wa mtaani. Nikibofya Baldur.exe dirisha jeusi linatokea kidogo halafu linajifunga lenyewe, bila ujumbe wowote wa maana. Gemu nimeifuta na kuiweka upya, bado vilevile. Kuna kitu kingine, sijui kama kinahusiana: tangu Windows iwekwe upya picha kwenye skrini zimevutika kwa upana, na vitufe vya kupunguza mwanga havifanyi kazi. Je, niongeze RAM?

La pili. Kwenye laptopu ya ndugu yangu gemu inafunguka vizuri, ila kikundi kimekwama kwenye hoteli ya Friendly Arm Inn. Mhusika mkuu ni mchawi wa levo 1 mwenye damu 6, yuko na rafiki yake Imoen, mwizi, tu. Yule jamaa wa kwenye ngazi anasema maneno mawili, anajigawa picha nyingi, mara kila mtu anakimbia ovyo na mchawi wangu anakufa. Mhusika mkuu akifa gemu imeisha, kwa hiyo kazi ni kurudia sevu. Anapigwaje huyu?

Mzee_wa_Kizota

Ongeza RAM iwe 8GB na utoe hiyo diski ya zamani (hard disk) uweke SSD. Windows 10 kwenye 4GB ni mateso matupu.

Fundi_Majengo

Mzee wangu wa Kizota, SSD ni ushauri mzuri kwa Windows yenyewe, lakini hapa tutamtuma mtu dukani bure. Hii gemu asili yake ni ya 1998. Ramani zake ni picha zilizochorwa tayari, kompyuta inazionyesha tu. 4GB inatosha na chenji inabaki.

Jibu liko kwenye ile sentensi aliyoiweka kama nyongeza: picha zimevutika na mwanga haupungui. Hizo ni dalili za Windows kukosa draiva ya kadi ya michoro. Fundi akiweka Windows bila intaneti na kukabidhi mashine hapohapo, Windows inajishikiza na draiva yake ya dharura inayoitwa Microsoft Basic Display Adapter. Kwa Word na kutazama picha hutaona tofauti kubwa. Upande wa OpenGL, ile njia gemu inayotumia kuchora kupitia kadi ya michoro, ndiko kwenye shida, maana inatoa toleo 1.1 tu, tena kazi yote inafanywa na prosesa. Enhanced Edition inataka OpenGL 2.0 kwenda juu. Ikiuliza na kujibiwa 1.1, inaondoka.

Hakiki kabla hujachoma bando:

1. Bonyeza Windows + X, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, mchawi umemshika. Kizazi cha tatu cha laptopu kinatakiwa kisomeke Intel HD Graphics 4000.

2. Nenda Settings, System, About, usome mstari wa System type. Mafundi wengi wakiona 4GB wanaweka Windows ya biti 32. Matoleo ya karibuni ya gemu ni ya biti 64, hayafunguki humo hata draiva ikiwa sawa. Ukikuta 32, Windows irudiwe kwanza, vingine vyote baadaye.

3. Draiva: njia rahisi ni Windows Update, Check for updates, kisha pita kwenye Optional updates. Isipoonekana, geuza laptopu, soma modeli kamili kwenye kibandiko cha chini (siyo jina la kampuni tu), nenda tovuti ya mtengenezaji, tafuta Graphics au Video ya Windows 10 biti 64. Tofauti na gemu, faili lenyewe ni dogo.

4. Weka, washa upya. Hutahitaji hata kufungua gemu kujua kama imekubali: skrini inajirekebisha yenyewe, kwa laptopu nyingi za kizazi hicho ni 1366×768, na vitufe vya mwanga vinaamka.

Ukitaka uhakika zaidi kuna programu ya bure, OpenGL Extensions Viewer. Ikisoma "GDI Generic" na 1.1.0, draiva bado haijaingia. HD 4000 ikiwa na draiva yake kwenye Windows inafika OpenGL 4.0, kwa hiyo huna wasiwasi.

Msipakue zile programu zinazojiita za kusasisha draiva zote kwa mpigo. Na opengl32.dll ya kuokota kwenye tovuti za faili za DLL msiiguse.

Kwa watakaosoma baadaye wakiwa na mashine za zamani zaidi: HD 2000 na HD 3000, yaani kizazi cha pili, Intel hakuzitolea draiva rasmi ya Windows 10. Unaweza kuona jina la Intel kwenye Device Manager na bado programu ikapewa GDI Generic, kwa sababu kipande cha OpenGL cha draiva ile hakiitambui Windows 10. Bofya kulia Baldur.exe, Properties, Compatibility, weka tiki kwenye Run this program in compatibility mode, chagua Windows 8. Mara nyingi hapo inakubali. Zile GMA 950 zenye OpenGL 1.4 hakuna draiva itakayozifikisha. Kinachobaki ni Mesa, ambayo ni opengl32.dll halali inayowekwa kwenye folda moja na Baldur.exe na kuifanya prosesa ichore badala ya kadi. Biti za faili na za gemu lazima zilingane. Itakwenda kwa kujivuta na itapandisha joto, na vumbi la huku kwetu likiwa limeziba feni, laptopu itajizima katikati ya vita.

Irangi_RPG (Kondoa)

Swali la pili ni langu.

Huyo anaitwa Tarnesh. Ametumwa kukuua na karatasi ya zawadi ya kichwa chako anayo mfukoni, msome akishalala chini. Mpangilio wake haubadiliki: Mirror Image kwanza, Horror pili, halafu anamalizia kwa uchawi wa kuumiza. Kinachowaua watu ni hiyo Horror, kwa sababu aliyeshikwa na hofu huwezi kumwamuru, anakimbia anakotaka.

Kuna kanuni moja ya injini ukishaijua vita vyote vya wachawi vinabadilika. Raundi moja ni sekunde 6 za kawaida, na hakuna mtu, awe wako au adui, anayerusha uchawi mara mbili ndani ya raundi moja. Akimaliza Mirror Image una dirisha la sekunde chache kabla hajaanza Horror. Na mchawi akipata jeraha wakati anakariri, uchawi unaharibika na nafasi yake imetumika. Hata jeraha la damu 1 linatosha.

Sasa kazi yenyewe. Usifike pale na watu wawili. Kwenye ramani ya kwanza baada ya Gorion, mlezi wako, kuuawa wapo Xzar na Montaron, wamesimama pembeni ya njia, wanakubali kuungana nawe papo hapo. Ni waovu, na wataishia kugombana na Khalid na Jaheira mnaowafuata ndani ya hoteli, lakini kwa vita hii moja ni miili miwili ya ziada. Ukishamaliza amua utabaki na nani.

Imoen anakuja na fimbo ya Magic Missile kwenye mkoba wake. Wachezaji wengi wapya hawafungui mkoba wa Imoen! Ihamishie kwenye nafasi za haraka, ama abaki nayo yeye au mpe mchawi wako. Mshale mmoja wa Magic Missile unatoa damu 2 hadi 5 na haukosi.

Kabla ya kupanda ngazi, bonyeza Space gemu isimame, uwatawanye. Horror inakamata eneo, wakisimama kwa pamoja wote wanaondoka. Mwenye damu nyingi atangulie ngazini, mchawi wako abaki chini kabisa karibu na walinzi wa ngome, Imoen na mwingine wa silaha za mbali wawe pande mbili tofauti. Tarnesh anamfuata unayemtanguliza na kuanza mazungumzo. Mazungumzo yakifunga tu, Space tena, fimbo moja kwa moja usoni kabla hajajigawa. Akiwahi kujigawa, acha silaha nzito zenye pigo moja kwa raundi. Kila pigo linaondoa picha moja, kwa hiyo unataka mapigo mengi hata kama ni hafifu: upinde unatoa mawili kwa raundi, vishale vya kurusha kwa mkono vinatoa matatu. Picha zikipungua, mshale utakaopenya wakati anakariri Horror ndio unaomaliza mchezo.

Mambo yakiharibika, mshushe chini kwa walinzi. Wakiona ugomvi huwa wanaingia.

Kuhani akiwepo mambo ni mepesi zaidi: Remove Fear kwa kikundi kabla ya kupanda, au Command, ambayo inamwangusha kwa muda mfupi tu lakini muda huo anapigwa bila kukosa.

Mzee_wa_Kizota

Au aweke Story Mode, apige, arudishe Normal. Hakuna wa kumkamata.

Irangi_RPG

Inawezekana mkuu, Options, Gameplay, Difficulty, unabadilisha wakati wowote. Katika Story Mode kikundi chako hakifi. Ubaya wake ni kwamba Tarnesh ndiye shule ya wachawi wote watakaofuata, na wako wengi: Nimbul anakusubiri mji wa Nashkel ukitoka migodini, Silke yuko mji wa Beregost. Ukimruka huyu utawaruka wote.

Ninachokubali ni kushusha hadi Easy wakati wa kunakili hati za uchawi kwenye kitabu cha mchawi. Kwenye viwango vya juu kunakili kunaweza kushindikana na hati ikipotea imepotea. Hapo sioni ujanja wowote wa kuonea aibu.

Zabibu_Nyeusi

Fundi Majengo, ubarikiwe. Ilikuwa Microsoft Basic Display Adapter kama ulivyosema. Draiva imeingia, skrini imerudi 1366×768, gemu inafunguka. Tarnesh naye amelala, fimbo ya Imoen ndiyo iliyofanya kazi.

Yamebaki madogo. Nawezaje kuhamisha sevu kutoka laptopu ya ndugu yangu kuja hii? Huko umeme ulikatika katikati ya kusevu (betri yake imekufa, inategemea chaja) na sasa ile sevu ya mwisho ikichaguliwa gemu inajifunga. Halafu maandishi ni madogo sana. Na mwisho kuna mtu anieleze THAC0 ni mdudu gani, mbona silaha nzuri inaongeza namba ya kitu kimoja na ngao inapunguza namba ya kingine?

Fundi_Majengo

Sevu haziko kwenye folda ya gemu. Ziko Documents, ndani ya "Baldur's Gate - Enhanced Edition", ndani ya "save". Kila sevu ni folda inayojitegemea, jina linaanza na tarakimu kisha jina ulilolipa, mfano 000000001-Quick-Save. Fungua ile iliyoharibika uangalie BALDUR.gam na BALDUR.sav. Umeme ukikatika katikati ya kuandika utakuta moja ni KB 0 au ni dogo isivyo kawaida ukilinganisha na sevu za jirani yake. Hilo halirudi. Ondoa folda nzima kutoka "save", iweke kwenye dawati kama hutaki kuifuta, halafu tumia sevu iliyotangulia au Auto-Save, ambayo gemu inaiandika yenyewe ukivuka kati ya maeneo.

Kuhamisha ni kunakili folda hizo kwenye flashi na kuzibandika mahali palepale kwenye laptopu ya pili. Masharti ni mawili. Toleo la gemu kwenye mashine inayopokea liwe sawa au jipya zaidi; kurudi nyuma usijaribu. Na kama ndugu yako ameweka modi zozote (nyongeza zinazotengenezwa na mashabiki), sevu inabeba vitu vya modi hizo, kwa hiyo laptopu yako lazima iwe na modi zilezile, zimewekwa kwa mpangilio uleule. Bila hivyo utafungua sevu ukute vitu vimepotea au gemu ianguke.

Kwa mashine isiyo na betri usitegemee kitufe cha Q peke yake. Q inaandika juu ya sevu ya haraka, na umeme ukiondoka wakati huo umepoteza zote mbili, ya zamani na mpya. Weka sevu tatu za mkono zenye majina tofauti na uzizungushe.

Mitego miwili ya Windows inayofanana na hitilafu ya gemu. Documents ikiwa imeunganishwa na OneDrive, kila sevu inajaribu kupanda mtandaoni: bando linakwenda na faili linashikiliwa. Zima kuhifadhi Documents kwenye mipangilio ya OneDrive, halafu hakikisha folda imerudi kwenye diski. Mtego wa pili ni Controlled folder access ndani ya Windows Security. Ikiwa imewashwa inazuia programu isiyoijua kuandika Documents, na gemu inakataa kusevu au inasahau mipangilio kila ukifunga. Ongeza Baldur.exe kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

Maandishi: Options, Graphics, washa Scale User Interface. Ramani unaivuta kwa gurudumu la kipanya. Mshale wa kipanya ukipotea au ukichelewa, badilisha Hardware Mouse Cursor hapohapo. Alt + Enter inatoa na kurudisha skrini nzima.

Ukiharibu mipangilio kiasi cha gemu kutofunguka, kwenye folda ileile ya Documents kuna faili Baldur.lua. Libadilishe jina, usilifute. Gemu itaandika jipya lenye mipangilio ya mwanzo na sevu hazitaguswa. Humo ndani kuna mstari wa Maximum Frame Rate wenye 30. Wapo wanaoshauri iwekwe 60 ili picha ziwe laini. Kwenye injini hii saa ya gemu imefungwa kwenye namba hiyo, kwa hiyo ukiweka 60 kila kitu kinakwenda mbio mara mbili, na ile raundi ya sekunde 6 inakuwa 3. Kwa kutembea ni raha, kwa vita utajuta.

Mwl_Mpwapwa

THAC0 nipeni mimi, ile namba ya uwezo wa mpigaji kumpata adui. Ni kanuni za AD&D (mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons) toleo la pili, hesabu ni kutoa tu.

Kila pigo gemu inarusha dadu ya pande 20. Namba unayotakiwa kuifikia ni THAC0 ya mpigaji kutoa AC (Armor Class, yaani kinga) ya anayepigwa. Mpiganaji wa levo 2 ana THAC0 19; adui ana AC 5; 19 − 5 = 14. Dadu ikitoa 14 hadi 20 amepiga, nyuso 7 kati ya 20, sawa na asilimia 35. Ndiyo maana levo za mwanzo unaona watu wanapunga mapanga hewani. Mpiganaji anaanza na 20 na anashuka 1 kila levo, wengine wanashuka taratibu zaidi.

Kwa hiyo THAC0 ndogo ni nzuri na AC ndogo ni nzuri. Silaha ya +1 inaboresha THAC0 kwa 1, ngao inashusha AC. Namba zinaelekea upande mmoja, maandishi ya menyu ndiyo yanayochanganya.

Angalia AC inavyofanya kazi, maana hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Mtu asiye na chochote ana AC 10. Deraya ya ngozi inamweka 8. Adui wa THAC0 20 anahitaji 12 kumpiga, yaani asilimia 45. Sasa mvalishe deraya ya minyororo, AC 5. Ngao ya kati, 4. Na kama Dexterity (wepesi) yake ni 18 inatoa 4 nyingine, anafika AC 0. Adui yuleyule sasa anahitaji 20 kamili, asilimia 5. Tofauti hiyo inanunulika Beregost kabla hujafika levo 2. Anayetangulia avae kwanza, wa nyuma wasubiri.

Damu nayo ina hesabu yake. Mchawi anapata hadi 4 kwa levo, mpiganaji hadi 10. Constitution (uimara wa mwili) 16 inaongeza 2 kwa kila levo kwa wote. 17 na 18 zinaongeza 3 na 4 kwa wapiganaji tu; mchawi mwenye 18 anabaki na 2. Hiyo damu 6 ya mchawi wako basi ni 4 na 2, umepanga vizuri, usilalamike. Anayeanza upya na mchawi asiweke pointi juu ya 16 hapo, azipeleke kwenye Dexterity.

Uchawi wake wa kwanza uwe Sleep. Una nafasi moja tu kwa levo 1 na hiyo moja inalaza kundi zima la maadui wadogo kama gibberling au hobgoblin, na aliyelala kila pigo linampata. Haifai kwa mifupa na wafu wengine wanaotembea, na elf anaipinga kwa asilimia 90.

Irangi_RPG

Nyongeza kwa njia ya mbele, maana ramani ni pana na si kila kona ni ya levo yako.

Ukiwa bado Friendly Arm, pitisha kipanya taratibu kwenye ardhi nyuma ya hoteli, karibu na ukuta. Kuna pete ya Evermemory imefichwa, inazidisha mara mbili nafasi za uchawi wa levo ya kwanza. Kwa mchawi wa mwanzo ni bora kuliko panga lolote. Nashkel nako kuna deraya ya ankheg imefukiwa shambani, sehemu yake ni ndogo kama kidole, nenda polepole.

Shuka Beregost, kisha Nashkel, usichepuke sana. Chuma cha ukanda ule kina ugonjwa, hiyo ndiyo hadithi yenyewe ya sura za mwanzo: silaha za kawaida zinavunjika mkononi. Kila mpiganaji abebe ya akiba, na kwenye Auto-Pause washa Weapon Unusable ili gemu isimame badala ya mtu wako kupiga ngumi. Za uchawi hazivunjiki.

Ndani ya migodi ya Nashkel mwizi atangulie akitafuta mitego, kikundi kifuate mbali kidogo. Kobold wa chini wenye mishale ya moto ndio hatari. Waue kwanza na mishale yao iliyobaki iokote yote, maana chini kabisa yuko Mulahey, na Mulahey ni kuhani: kanuni ya Tarnesh ileile, mshale kila anapofungua mdomo. Ataita mifupa na kobold; msihangaike nao wote, mtu mmoja awashike mlangoni. Viatu vyake vinakinga umeme. Kwenye sanduku lake kuna upanga wa Xan, elf aliyefungwa jirani. Mrudishie akiungana nanyi, hakuna mwingine anayeweza kuutumia.

Njia za migodi ni nyembamba na wahusika wanazibana. Ongoza mmojammoja. Mtu akinasa kabisa, fungua Baldur.lua gemu ikiwa imefungwa, ongeza mstari huu:

SetPrivateProfileString('Program Options','Debug Mode','1')

Kisha ndani ya gemu mchague aliyenasa, weka kipanya pa wazi, Ctrl + J. Anaruka hapo. Angalia vidole: Ctrl + Y iko palepale na inaua chochote kilicho chini ya kipanya, akiwemo muuza duka.

Mkitaka levo za haraka baada ya migodi kuna basilisk upande wa mashariki wa Beregost, ng'ambo ya hekalu la Lathander. Mdogo anatoa XP (pointi za uzoefu) 1,400, mkubwa 7,000, inagawanywa kwa waliopo: watu sita kwa mkubwa ni 1,166 kila mmoja. Macho yao yanageuza mtu jiwe. Protection from Petrification ni uchawi wa levo ya kwanza tu, mpe kila anayesogea mbele, wengine wabaki nje ya upeo. Ikoni ikitoweka kwenye picha ya mhusika, mrudishe nyuma hapohapo. Yupo pia ghoul anaitwa Korax, ukimwongelesha na mwenye Charisma nzuri anaweza kukufuata kwa muda. Jiwe halimpati, na mguso wake unawapoozesha basilisk, kazi yako inakuwa kumaliza. Msiondoke naye mbali, urafiki ule una mwisho.

Zabibu_Nyeusi

Nimeelewa. La mwisho kabisa: Imoen nimgeuze mchawi? Nimesoma kwamba inafaa, ila sijui lini.

Mwl_Mpwapwa

Anafaa. Binadamu anaweza kubadili fani akiwa na 15 kwenye sifa kuu ya fani ya zamani na 17 kwenye ya mpya. Imoen ana Dexterity 18 na Intelligence 17. Shida ni kipindi cha katikati: ujuzi wa wizi unalala mpaka levo ya uchawi ipite levo ya wizi. Ukimgeuza kwenye levo 4 ya wizi (XP 5,000), anaamka akifika levo 5 ya uchawi, XP 20,000. Ukisubiri levo 6 (XP 20,000), anaamka levo 7 ya uchawi, na hiyo ni XP 60,000, safari ndefu bila mtu wa kufungua mitego.

Kama Montaron bado yuko nawe, subiri hadi 6, yeye ashike kufuli wakati huo. Kama ulimwacha Friendly Arm, mgeuze kwenye 4, na kabla ya kubonyeza hakikisha pointi zake za wizi umezimwaga kwenye Open Locks na Find Traps.

Mzee_wa_Kizota

Na RAM aongeze hata hivyo.